Usukani Mzito

Mwaka jana nilipandishwa mlima na ng'ombe, na Sumbawanga nzima ilijua kabla sijafika nyumbani. Pikapu yangu, na tela lililojaa mpunga wa Mtowisa nyuma yake, vyote vilivutwa na maksai wa Limbu, mfugaji anayelipwa kuvuta magari yaliyokwama, na mimi nimeshika usukani usio na kazi. Sokoni wakaniita Dereva wa Maksai. Hata kanisani, nikienda kutoa sadaka, kuna mtu alinipigia mluzi ule wa kuswagia ng'ombe. Sikucheka. Sijajaliwa kipaji cha kujicheka.

Mkosi wenyewe ulitokea kwenye kona kali, pale barabara inapotoka bondeni kuupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Nyuma ya pikapu ilikaa chini kama kuku anayetaga, mbele ikainuka, na magurudumu ya mbele yakawa yanaipapasa barabara bila kuishika. Nilikata kona, gari halikukata. Likaenda moja kwa moja mtaroni.

Mume wangu Flavian hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema kwa upole kwamba msimu ujao mdogo wake Urbano ndiye ataendesha, mimi nibaki nyumbani Izia na shamba. Gari hilo nililinunua mimi, kwa ulezi wangu na alizeti yangu, wakati Urbano hajui hata gia iko upande gani. Damu ilinichemka. Mbele yao wote wawili, na mbele ya mama mkwe aliyekuwa anapepeta ulezi, nikasema nitaupanda mlima uleule na tela limejaa. Ng'ombe wakinivuta tena, hata kidogo, ufunguo ni wa Urbano moja kwa moja.

"Umesema mwenyewe, shemeji," Urbano akanikumbusha.

"Nimesema."

Basi kila mtu mjini alikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa moja: ongeza springi za lori. Nilikwisha kuona pikapu za watu zilizotibiwa hivyo. Zikiwa tupu zinabinua makalio juu, na kwenye barabara yenye matuta ya bati nyuma inarukaruka mpaka inataka kuitangulia mbele. Mimi sikutaka gari la kuonyesha makalio. Nilimwambia fundi Christopha aongeze bamba moja tu la springi, la pikapu ya aina ileile, abadilishe shokapu zilizochoka, kisha akate mpira mnene wa tairi la lori na kuufunga kati ya ekseli na chesisi, kila upande. Gari likiwa tupu mpira usiguse kitu. Mzigo ukishuka, uupokee.

Christopha alikuna kichwa. Alisema wateja wake wote wanataka chuma, si mpira, na kwamba nitarudi kwake nalia. Nikamjibu sawa, nitarudi nalia, lakini nitarudi naendesha. Alifunga alivyoambiwa, ananung'unika chini ya gari kutwa nzima.

Siku ya safari Urbano alipanda mbele, kando yangu, amevaa shati jeupe kabisa. Alisema anakuja kunisindikiza. Mtu anayekwenda kubeba magunia havai shati jeupe. Alikuja kuchukua gari lake.

Mtowisa, kule bondeni, joto lilitupokea, na wapakiaji wa kikundi cha wakulima wakalivamia tela. Nilikwenda kunywa maji. Niliporudi, pikapu ilikuwa imekaa. Bamba jipya, shokapu mpya, mpira, vyote vipo, na bado taa za mbele zinatazama mawinguni. Urbano alikuwa amejinyoosha kwenye kiti, anatabasamu na kioo cha gari.

Nikazunguka nyuma. Magunia yote mazito yalirundikwa mbele ya tela, karibu na ndoano, uzito wote ukilalia mkia wa pikapu, na nyuma kulibaki peupe. Nikamuuliza Oswaldi, mwenyekiti wa kikundi, nani kawafundisha kupakia hivi. Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa nani kamfundisha kula. Bondeni kote, alisema, mzigo wa kupanda mlima unakaa mbele. Mkokoteni wa ng'ombe ukiulemeza nyuma, mti wake unainuka na nira inawakaba maksai. Baba yake alipakia hivyo. Na mwaka jana, akaongeza kwa fahari, tela langu walilipakia hivyohivyo, vizuri kabisa.

Mwaka jana. Nilitamani kukaa chini nilie, halafu nikatamani kumpiga mtu. Mwaka mzima nimeitwa Dereva wa Maksai, kumbe walinipakia kama maksai.

"Gari langu halina shingo ya kukabwa, baba," nikamwambia. "Shusheni."

Wapakiaji walikataa. Kazi yao imekwisha, wamechoka, na mwanamke asiyejua kupakia asiwasumbue. Urbano naye akatoa kichwa dirishani kusema niwasikilize wenyeji. Nikavua kandambili, nikapanda kwenye tela, nikaanza kuyaburuta magunia peke yangu. Nililiburuta la kwanza nikahema, nililiburuta la pili mgongo ukalia. Sikutaka huruma ya mtu. Oswaldi alivumilia kidogo, kisha akaona mpunga wake utalala pale, akawaamuru watu wake wapande. Mzigo mkubwa tuliuweka juu ya magurudumu ya tela, na mbele tukabakiza kiasi tu, maana tela lililolemewa nyuma nalo hutikisa mkia na kulipeleka gari linakotaka. Pikapu ikashuka taratibu, ikaukuta mpira, ikatulia.

Limbu alikwisha kutangulia. Habari za ufunguo alizipata, na alipenda kuwa karibu na kazi. Tulimkuta palepale kwenye kona, maksai wake wamefungwa nira, mnyororo uko begani.

Gia ya kwanza. Usukani ulikuwa mzito mikononi mwangu, na sijawahi kufurahia uzito namna ile. Mwaka jana ulikuwa mwepesi, kwa sababu haukuwa na barabara chini yake. Urbano alifungua mlango, mguu mmoja nje, tayari kuruka. Sikumtazama. Nilikata kona, na gari likakata. Kokoto zilirushwa nyuma, tela likafuata kwa adabu, na Limbu akalazimika kuwaswaga maksai wake pembeni atupishe. Nilimpigia honi ndefu.

Tulipofika juu, upepo wa baridi uliingia dirishani. Urbano alifunga mlango. Nilisubiri aniambie hongera. Tulipokaribia Kaengesa, njiani kuelekea mjini, watu ni wengi barabarani, ndipo akakohoa.

"Shemeji, simamisha kidogo, nipe mimi usukani tuingie nao mjini. Watu wakiniona nimekaa huku, itakuwa aibu kwa familia."

Niliumia kuliko siku ya ng'ombe. Kumbe hata baada ya kupanda, kwao nilikuwa bado mtaroni.

"Kaa hivyo hivyo ulivyokaa," nikamwambia. "Shusha kioo. Waone."

Nikapunguza mwendo, nikaipita Kaengesa taratibu, nikimpigia honi kila niliyemjua, na wengi nisiowajua.