Mwenyekiti Aliyeosha Barabara

Mume wangu Odiel hajaosha sahani hata moja katika ndoa ya miaka thelathini na minane, lakini Jumatatu ile aliosha barabara. Barabara nzima ya mawe, jamani, kuanzia kwenye msalaba wa mawe kule chini hadi mlangoni pa baa yetu huku juu. Mimi nilikuwa mjini Ronse kwa dada yangu, maana Jumatatu baa hufungwa. Nikashuka kwenye basi saa kumi alasiri, keki mkononi, nikakanyaga jiwe la kwanza la kilima chetu, na jiwe likacheza.

Nikakanyaga la pili. Likacheza nalo. Ala! Nikainua macho nikaona wanaume watatu wazima wamesimama juu ya kilima, wamelowa hadi kiunoni, wanachekelea. Odiel ameshika ile mashine ya kuoshea magari, inayorusha maji kwa presha. Kulia kwake Firmin, aliyekuwa mwenye bucha kabla ya kustaafu. Kushoto Gaston, dereva wa treni mstaafu, amekumbatia bomba la maji.

"Lutgart!" Odiel akapaza sauti. "Umeona? Ule utelezi wa kijani, ule ukoga wa mawe, hakuna hata chembe! Unaweza kulia chakula hapo chini!"

"Na mchanga?"

"Mchanga gani?"

"Mchanga uliokuwa katikati ya mawe, wewe mwanaume! Mchanga unaoyashika! Uko wapi?"

Wakatazama chini wote watatu. Mchanga ulikuwa mtaroni, unateremka polepole na maji kuelekea mlangoni kwa jirani yetu wa chini, Noëlla. Gaston akafunga bomba. Nilitamani kumtupia mtu ile keki, nikakumbuka ni ya dada yangu, ametumia mayai sita.

Nyinyi hamjui watu wa huku wanavyokuwa mwezi wa tatu. Baiskeli zikishaanza kushindana juu ya mawe mwisho wa Februari, hakuna mwenye akili timamu tena hadi ile Jumapili ya kwanza ya Aprili, mbio kubwa zinapopita kwetu. Misiba inaahirishwa. Mke akiugua anaambiwa avumilie. Kila mwendesha baiskeli ana chama cha mashabiki wake, na kila chama kina baa yake. Baa yangu ni ya Joren, aliyezaliwa nyumba tatu kutoka hapa, na mwenyekiti wa chama ni huyo huyo Odiel. Joren ana miaka thelathini na mitano. Ametangaza kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho. Kwa hiyo Aprili hii ndiyo mara ya mwisho atapanda kilima cha kwao akishindana.

Kama kilima chenyewe kitakuwemo. Hilo ndilo lililonitia kichaa. Kilima chetu kiliwahi kuondolewa kwenye mbio miaka sita kwa sababu ya mawe kulegea, na mbio zikapita kule kwenye lami. Miaka sita tuliketi mlangoni tukitazama ng'ombe. Wakaturudisha juzi juzi tu, kwa sharti kwamba kila Machi atakuja mkaguzi kupima mawe. Na mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. Siku tatu!

"Ni kwa ajili ya Joren," Odiel akasema usiku ule huku ananyoosha miguu kwenye hita. "Mwaka jana ukoga ulimwangusha. Mwaka huu hautamwangusha."

Nikaenda kuifunika keki. Nilikuwa na sababu ya kutomjibu, na si hasira peke yake.

Mwaka jana Joren alifika kwenye kona yetu akiwa na wale wa mbele. Miaka yote alikuwa mtu wa kuwabebea wenzake maji, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alikuwa wa tatu. Watu walilia kabla hajafika. Halafu akaanguka. Mtulinga, ule mfupa wa bega, ukavunjika. Kwenye televisheni walimuuliza, damu inamtoka kidevuni, akasema, "Ukoga. Gurudumu limeteleza kwenye ukoga." Tangu siku hiyo Odiel ametangaza vita. Ameandikia halmashauri barua tisa kuhusu ukoga. Ameota ukoga. Krismasi nzima, mezani, ukoga.

Mimi nilikuwa dirishani juu, nikaona kila kitu. Haukuwa ukoga. Ilikuwa bendera. Ile bendera ya manjano yenye uso wa Joren, kubwa kama shuka la kitanda cha watu wawili, niliyoishona kwa mkono wangu. Odiel huipeperusha pale konani kila mwaka. Upepo uligeuka, ncha ya bendera ikajiviringa kwenye usukani wa baiskeli yake, kufumba na kufumbua, ikaachia. Joren alikuwa chini tayari. Odiel alikuwa amefunikwa kichwa na bendera yake mwenyewe, anahangaika kujitoa. Nikajua hakuona kitu, na kamera zilionyesha migongo ya watu tu. Joren aliniona dirishani, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Ningemwambiaje mtu anayempenda Joren kuliko nafsi yake kwamba yeye ndiye aliyemvunja? Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi na Joren tulificha, na sasa mawe yote yanacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Asubuhi ya Jumanne wataalamu wangu walikutana baa.

"Tumwage saruji," Firmin akasema.

"Haya ni mawe ya kumbukumbu, yanalindwa na sheria, Firmin! Ukimwaga saruji hawatakifuta kilima tu kwenye mbio, watakufunga," nikasema.

"Wajukuu wangu wana mchanga wa kuchezea," Gaston akasema. "Ndoo tatu. Labda nne."

"Ndoo nne kwa mita mia nne. Hongera, Gaston. Ndiyo maana treni zako zilikuwa zinachelewa."

Kilichotakiwa ni vumbi la mawe, lile zito linaloshika, na kijiji kizima lundo lilikuwa moja tu, uani kwa Noëlla, mjane wa mjenzi, mwenye baa ya kule chini. Noëlla na mimi hatujasalimiana miaka minne. Baa yake ni ya mwendesha baiskeli mwingine, wa mji wa Zottegem, kijana mwenye meno mengi. Nikavaa koti nikateremka.

Alikuwa mlangoni na fagio, anazoa mchanga wetu.

"Karibu, shoga," akasema. "Nasikia mmeosha barabara. Na pasi je, mlipiga?"

"Noëlla, cheka. Ukimaliza uniambie."

Alicheka hadi akalishika fagio kwa mikono miwili. Nikangoja. Sikuwa na pa kwenda.

"Nahitaji lundo la marehemu," nikasema. "Lote."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."

"Sitaki pole, nataka vumbi la mawe. Kilima kikifutwa hata wewe umekwisha. Utauzia bia nani? Ng'ombe?"

Hapo akaacha kucheka. Akaegemeza fagio ukutani.

"Mnachukua lundo, na watu wangu watakuja kusaidia," akasema. "Lakini kona ni yetu. Mwaka huu chama changu ndicho kitasimama konani. Mwenyekiti wako atafute pengine."

Nilipanda kilima nikiwa nimekufa nusu. Ile kona! Baba yake Odiel alisimama pale, na babu yake. Niliandaa maneno njia nzima, na ya kumtukana, na ya kumbembeleza. Nikamkuta amepiga magoti katikati ya barabara, anachomeka kijiti kati ya mawe.

"Anataka kona," nikasema.

"Mpe," akasema.

"Odiel, nimesema kona. Kona yenu."

"Nimesikia, mke wangu. Mpe."

Hakuinua hata kichwa. Mtu aliyewahi kugombana na padri kwa sababu ya nusu mita ya kona ile! Nikajiambia amechoka, magoti yanamuuma, basi.

Jumatano tulikuwa watu zaidi ya arobaini barabarani, vyama vyote viwili, na mafagio, na nyundo za mbao, na matoroli. Nilipika chungu kikubwa cha supu ya mbaazi, Noëlla akaleta soseji. Walitukanana kwa furaha tangu asubuhi. "Gongeni taratibu, nyie watu wa Joren, msije mkalifua na jiwe!" "Na nyie gongeni kwa nguvu, au mnangoja wa Zottegem aje awaonyeshe meno?" Odiel hakumtania mtu. Alikuwa kwenye kona, peke yake, anajaza vumbi kwa mikono, jiwe kwa jiwe, kama mtu anayepanda mbegu.

Saa sita Joren akatokea akiwa mazoezini, akashuka kwenye baiskeli, akatukuta wote tumepiga magoti.

"Kuna nini? Kafa nani?"

"Tumeuondoa!" Firmin akapiga kelele. "Ule ukoga uliokuangusha! Mwenyekiti ameuosha wote!"

Joren akanitazama mimi. Kisha akamtazama Odiel, naye Odiel akawa ghafla na kazi nyingi sana ya jiwe moja.

"Asante, mzee," Joren akasema. "Ukoga ni kitu kibaya kweli."

Akaingia baa kunywa kahawa wima. Nikamvuta jikoni, nikafunga mlango.

"Mama Lutgart, hujamwambia?"

"Na wewe je? Ulifungua mdomo mbele ya nchi nzima ukasema ukoga! Ungesema shimo. Ungesema umechoka. Shimo lingejazwa tukalala!"

"Ndilo neno lililokuja. Alikuwa amesimama pale karibu nami na ile bendera kichwani." Akazungusha kikombe. "Miaka tisa alinipeleka kwenye mbio kila Jumapili kwa gari lake, mama. Ningesema nini?"

Nilizidi kukasirika. Nikampa kipande cha keki ya dada yangu nikamfukuza.

Alhamisi ikanyesha. Mkaguzi, Bwana Segers, mrefu, mkavu, akaanzia chini kwa Noëlla na mtaimbo wake. Anachoma, anasukuma, anasikiliza, anapiga hatua. Sisi tunamfuata nyuma kimya, watu arobaini na miavuli. Sijawahi kuona watu wa huku wamenyamaza hivyo, hata kanisani. Alipofika konani nikamshika Odiel mkono. Mkaguzi akachoma. Akachoma tena. Akatoa chaki akachora msalaba juu ya jiwe moja, kisha la pili, kisha la tatu. Mvua ikaifuta misalaba pale pale, akaichora upya, akakunja uso.

Akaendelea hadi mlangoni kwetu. Akafunga daftari.

"Matatu konani yamelegea. Mengine yamekaa vizuri, vizuri kuliko mwaka jana. Tengenezeni hayo matatu kabla ya Jumamosi. Mbio zitapita." Halafu akatuangalia. "Lakini ule ukoga wote umekwenda wapi? Aliyeuosha ana bahati. Angeweza kuwaharibia barabara."

Hakuna aliyemtazama Odiel. Haki ya Mungu, hiyo ilikuwa adabu kubwa kuliko zote nilizowahi kuona katika kijiji hiki. Kisha Noëlla akapiga kigelegele chake, na baa ikafurika.

Nilimimina bia hadi kiganja kikaniuma, na mwenyekiti haonekani. Nikamwita. Nikamtafuta uani. Nikapanda juu, nimekwisha kuiva, maana watu wanamtaka atoe hotuba na mimi nina mikono miwili tu. Nikamkuta chumbani, amekaa kitandani, ameitandaza bendera juu ya magoti. Ameikunjua kwenye ile ncha. Basi nikaona haiwezekani tena, liwalo na liwe.

"Odiel, nina jambo. Mwaka jana haukuwa ukoga."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa dirishani, niliona..."

"Nilihisi mkononi, Lutgart. Mti wa bendera ulivutwa. Mara moja, halafu ukaachiwa." Akainua mkono wa kulia, akautazama. "Joren akasema ukoga. Nikaona, pengine kweli. Pengine vyote viwili. Nikiuondoa ukoga, basi..."

Kule chini walikuwa wanamwita mwenyekiti wakigonga meza.

"Mwaka mzima!" nikasema, na sauti ikanitoka vibaya. "Barua tisa! Watu watatu tumekaa na jambo moja kila mtu kalifunika na sufuria yake! Ningekuua, Odiel. Ningekuua kweli."

"Najua," akasema tena.

Nikaketi pembeni yake. Nilikuwa nimekasirika hadi machozi, na sikujua tena namkasirikia nani. Baadaye akainuka, akavuta droo, akatoa nyundo. Akafungua dirisha. Wale wa chini wakatoka barabarani kuangalia nini kinapigwa, wakamwona mwenyekiti wao ananing'inia nje kwenye mvua, mimi nimemshika mkanda, anaipigilia bendera ya Joren ukutani, mbali na barabara. Alipiga misumari kumi na sita. Nikamwambia inatosha. Akavuta kila ncha kuhakikisha haichezi, kisha akaniomba mingine minne.