Yuko Gari Lingine

Wananiita Redio, na sijawahi kuudhika. Naongea, ndiyo. Naongea nikiwa nimeinama chini ya boneti, naongea nikila, na mke wangu anadai hata usingizini nasimulia. Siku ile ya kuanza wikendi ndefu, nilipokuwa nafunga begi, alinikabidhi sweta akasema niende salama, na masikio yake nayo yapate likizo. Tukacheka. Kila mwaka anasema hivyo hivyo.

Tulikuwa watu sita na magari mawili, kama kawaida yetu. Mwalimu, niliyesoma naye tangu shule ya msingi, alimchukua mkewe na Mhasibu katika gari lake jipya, ambalo hataki mtu ale hata karanga ndani yake. Kinyozi alikuja na kijigari chake cha zamani, pamoja na Nesi. Mimi sina gari. Natengeneza umeme wa magari ya watu, langu bado. Kwa hiyo huwa narukaruka, mara huku mara kule, na miaka yote nilidhani ni kwa sababu kila gari linanitaka.

Mvua ilianza hata hatujapigilia kigingi cha kwanza. Kambi yenyewe ni uwanja wa nyasi kando ya mto, hauna kitu ila choo cha matofali chenye paa la bati, na bomba la maji ubavuni mwake. Ili kuufikia lazima uvuke kijito ambacho wakati wa kiangazi unakiruka tu. Wikendi nzima tulikaa ndani ya mahema tukicheza karata, nguo zikinuka uvundo, kila mtu amemnunia mwenzake. Nikaifanya kazi ya kuwachangamsha. Nilisimulia kisa cha mteja aliyetaka nimfungie honi mbili, moja ya watu na moja ya mama mkwe wake, kisha nikakisimulia tena. Mhasibu akajifunika blanketi gubigubi. Kinyozi akasema saluni kwake anasikiliza watu kutwa nzima, kumbe hata huku yuko kazini. Nikaona ni utani.

Asubuhi ya kuondoka, kijito kilikuwa kimegeuka rangi na kuanza kunguruma. Mwalimu akasema tusipotoka sasa hivi hatutoki tena. Vitu vikawa vinatupwa garini hovyo, mahema mabichi, sufuria na masizi yake. Begi langu nililisukuma ndani ya buti la Mwalimu. Simu nilikuwa nimeichomeka kwenye gari la Kinyozi ipate chaji. Gari hilo la Kinyozi likagoma kuwaka, maji yalikuwa yameingia kwenye plagi. Nikalala juu ya injini mvua ikinichapa mgongoni, nikafuta waya mmoja mmoja kwa fulana yangu mwenyewe, hadi likawaka. Nikawaonya wasizime injini kwa hali yoyote. Hapo tumbo likanikata. Maharage ya jana yake hayakuwa yameiva, na nilikuwa nimesema.

Nikakimbilia chooni. Mvua juu ya lile bati ilikuwa kelele tupu, sikusikia chochote. Nilipotoka nilikuta nyasi zimelala, na alama za matairi zinajaa maji.

Kwanza nilicheka. Nilisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, nikisubiri wajitokeze na mzaha wao. Hawakujitokeza. Nikajiambia watagundua kwenye kona, na kama si kwenye kona basi watakapofika kwenye lami, kwa maana gari lisilo na mimi linajulikana. Nikaanza kabisa kupanga maneno. Safari hii nitawapa vidonge vyao.

Kijito kikazidi kupanda. Nilijaribu kuvuka, maji yakanifika kiunoni, yakanivua kiatu, nikarudi kwa mikono na magoti. Mto nao ukaanza kuja kutoka upande wa pili. Kikabaki choo. Nilikanyaga bomba, nikashika ukingo wa ukuta, nikajivuta hadi juu ya bati, kiganja kikachanika. Nikakaa pale nimekumbatia magoti, nikapiga kelele. Niliwaita mmoja mmoja. Niliita mpaka sauti ikakwaruza, ikakatika, ikabaki pumzi. Maji yalikuwa yameshafika kwenye komeo la mlango. Sitadanganya, nililia, na niliogopa kufa vile, juu ya choo, watu niliokuja nao wakiwa barabarani.

Mchana ulipokuwa unaelekea kwisha nikasikia trekta. Liliendeshwa na mzee wa shamba moja la jirani, na Nesi alikuwa amejishikilia pembeni yake, koti limemganda mwilini. Likavuka kijito taratibu, maji yakipita juu ya ekseli, likaja hadi chini ya ukuta. Nesi akanipokea, akaniviringisha kwenye turubai, akashika mkono wangu kusikiliza mapigo. Nikamuuliza kwa midomo tu, wengine wako wapi.

"Wamerudi mjini," akasema. "Kesho kazi."

Nikamtazama. Ndipo akanieleza, trekta likitutikisa, macho yake ameyaelekeza kwenye maji. Kwa Kinyozi walidhani niko kwa Mwalimu, maana begi langu liko kule. Kwa Mwalimu walidhani niko kwa Kinyozi, maana simu yangu iko kule. Hakuna aliyeuliza. Nesi hakunificha kitu. Kinyozi alisema leo mzigo wamebeba wenzetu, na yeye Nesi akacheka. Njia nzima walikaa kimya, wakaona raha. Hata walipokutana kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, kila mmoja alidhani niko nje napiga soga na wauza mafuta.

Aliyegundua ni mke wangu, aliyekuwa nyumbani. Alipiga simu yangu, Kinyozi akaiondolea mlio, kwani nani anataka kupokea simu ya mke wa mtu. Akampigia Mwalimu akiwa bado barabarani. Mwalimu akamwambia, "Yuko gari lingine, shemeji, usijali." Baadaye akampigia Nesi pale mgahawani, na Nesi akamjibu kwamba nilisafiri na Mwalimu. Mke wangu akauliza.

"Nani kati yenu amemsikia akiongea leo?"

Nesi akalipeleka swali hilo mezani. Mwalimu akasema gari lake haliwezi matope yale. Kinyozi akasema lake likizimika hakuna wa kuliwasha. Mhasibu akasema mimi ni mtu mzima, bila shaka nimeshapata wenyeji nawapigia domo. Wakakubaliana wapige simu polisi, kisha wamalize chai. Nesi akachukua koti lake, akachomoa simu yangu garini kwa Kinyozi, akaenda kutafuta usafiri.

Pale kwenye trekta Nesi akanipa simu yangu. Chaji ilikuwa imejaa. Kwenye kundi letu la watu sita kulikuwa na picha, waliipiga chai ilipoletwa tu, kabla ya swali la mke wangu. Wote watano wamebanana wanacheka, Nesi naye yumo. Chini yake mke wa Mwalimu ameandika kwamba timu nzima imetoka salama. Mhasibu ameweka dole gumba. Niliitazama picha ile mpaka ikalowa.

Simu ikaita nikiwa nimeishika. Alikuwa mke wangu. Nikaiweka sikioni, nikafungua mdomo, ikatoka pumzi.

"Ni wewe," akasema. Akaniomba niseme neno moja tu, lolote. Nikajitahidi, ikatoka pumzi tena. Nikamsikia anavuta kamasi. Kisha mwanamke huyu, ambaye hata salamu huona ni hotuba, akaanza kuongea yeye. Akasema gesi imeisha chakula kikiwa jikoni. Akasema jirani amesogeza tena pipa lake la takataka mlangoni kwetu. Akasema paa limevuja juu ya kabati, ameweka beseni, beseni limejaa, amelimwaga, limejaa tena. Aliongea haraka haraka, bila kuacha nafasi. Trekta likaingia kwenye kijito na maji yakaanza kupiga magurudumu. Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili, na sikutaka anyamaze.