Tonge la Ndalu

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mabata yalikuwa bado yanaanguka. Kila mtu katika nchi ya Ngurumia alilijua hilo, kuanzia wauza mihogo wa sokoni hadi mawaziri, na hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kulitamka karibu na sikio la mwenye nchi.

Ngurumia ilikuwa nchi ya makelele. Mji wake mkuu, Kishindo, ulijengwa juu ya kilima makusudi, ili mtu akipiga chafya ikulu watu wa bondeni waitikie "Afya!" Huko juu alikaa Mtukufu Ngurumo, mtu mnene aliyevaa medali mpaka mgongoni kwa kuwa kifuani palishajaa, na mbele ya ikulu alikuwa amesimamisha sanamu yake ya shaba, imenyoosha kidole kuelekea nchi jirani ya Kimyani kama mtu anayemfukuza mbuzi shambani. Watu wa Kimyani hawakuwa na sanamu. Walikuwa na jiko la mji, ambamo walioka mikate yao, na bomba la moshi la jiko hilo lilikuwa refu kuliko sanamu ya Mtukufu kwa kimo cha mtu na nusu. Hicho ndicho kilichokuwa kisa cha vita, ingawa vitabuni kiliandikwa kisa kingine chenye maneno mazito zaidi.

Sasa wote walikuwa wamechoka. Mpakani askari wa pande mbili waliazimana viberiti, na wanawake wa Kimyani walikuwa wameanza kuanika nguo kwenye mizinga. Mapatano yalikuwa yatiwe saini Ijumaa. Lakini Mtukufu alisema hawezi kukaa meza moja na watu wenye bomba refu namna ile, kwa hiyo kila siku alasiri mabata yaliruka kwenda kuliangusha. Watu waliziita mabata kwa sababu ndege hizo za mabomu zilikuwa nene na nzito, na kabla ya kupaa zilitembea kwa kuyumba. Kila mzinga wa Kimyani ambao haukuanikiwa nguo ulikuwa umepangwa kuzunguka lile jiko, maana watu wale waliweza kusamehe mambo mengi, lakini si mkate. Mabata yalikwenda kumi, yakarudi sita. Yalikwenda sita, yakarudi matatu. Bomba likabaki pale pale, likitoa moshi.

Ndalu alikuwa mwangusha mabomu katika mojawapo ya hayo matatu. Kazi yake ilikuwa kulala kifudifudi kwenye kioo cha pua ya bata na kubonyeza kitufe chekundu. Mwenyewe alisema ni kazi ya kulala, ila usingizi ndio hauji. Nyumbani alikuwa na mke, Tausi, na mtoto aliyemwacha hawezi hata kukaa. Habari iliyomfikia ni kwamba sasa ana meno mawili na anang'ata kila anayemkaribia. Ndalu alitaka kung'atwa. Hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Warukaji wa Ngurumia walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuruka, watu watatu wa bata moja walikula sinia moja, na kila mmoja aliacha tonge moja la mwisho ukingoni, mbele yake. Akirudi, alilila hata kama limekauka. Asiporudi, halikuguswa. Mwaka wa kwanza wa vita mpishi mmoja alikula tonge la rubani aliyechelewa. Rubani akarudi, akakuta sinia tupu, na kesho yake hakuna bata lililoruka. Mtukufu akaweka sheria, ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa bwalo: *Atakayekula tonge la mrukaji ataruka mahali pake, awe nani awe nani.* Maneno ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, siku aliyokuwa na furaha.

Alhamisi, siku moja kabla ya mapatano, Ndalu na wenzake walikuwa wanamaliza kula. Kapteni Mwakisu, rubani wao, mtu mkondefu wa maneno machache, alikuwa ameshanawa. Yule wa tatu kazi yake ilikuwa kukaa mkiani mwa bata na bunduki, na kwa ulaji wake walimwita Bakuli.

"Ndalu, umeficha nyama tena kwenye tonge lako," Bakuli alisema.

"Ili nikiwa kule juu niwe na sababu ya kurudi."

"Kwani mtoto hatoshi?"

"Mtoto ni sababu ya mwaka mzima. Nyama ni sababu ya leo."

Hapo tarumbeta zikalia, na Mtukufu akaingia kuwaaga mashujaa, na nyuma yake Waziri wa Sifa, wapiga picha, waandishi wa magazeti na bendi nzima. Alihutubia. Alisema bomba litaanguka leo. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu kifungua kinywa cha pili, na hotuba zilimtia njaa, na harufu ya pilau ilikuwa imejaa bwaloni; kwa hiyo huku akiendelea kutaja damu ya mababu, mkono wake ulishuka wenyewe mpaka kwenye sinia.

Ndalu aliuona. Angeweza kukohoa. Koo lilikuwa linamwasha kabisa. Hakukohoa.

Mtukufu alitafuna, akameza, akalamba kidole. Mpiga ngoma akabaki ameinua kijiti.

"Mtukufu," Bakuli aliuliza kwa adabu, "lilikuwa na nyama?"

"Lilikuwa na nyama. Safi sana!"

"Basi ni la Ndalu."

Watu wote wakageuka kuangalia ukuta. Mtukufu naye akageuka, akasoma taratibu.

"Nani aliyeweka sheria hii?"

"Ni wewe, Mtukufu."

"Na hayo maneno ya mwisho?"

"Hayo hasa."

"Mtukufu ameonja tu," Waziri wa Sifa akadakia. "Kuonja si kula!"

"Mheshimiwa, na kidole amelamba," alisema Bakuli.

Pengine yangeishia hapo kwa mpishi kupigwa makofi. Lakini waandishi walishatoka mbio, na huko uwanjani, ambako mji mzima uliletwa kushangilia, watu walianza kuimba, "Mtukufu anaruka! Mtukufu anaruka!" Tangu kuzaliwa kwake Mtukufu hakuwahi kusikia shangwe asiijibu. Alitoka mlangoni, akapunga mkono kama alivyozoea. Mambo yakaishia hapo.

Ilibidi askari wanne wamsukume ili aenee puani. Mwakisu alimwomba avue medali, zinakwaruza kioo, akakataa.

"Kapteni, niache niende mimi," Ndalu alisema. Alishangaa kujisikia akisema hivyo, tena akimaanisha.

"Pua ina nafasi ya tumbo moja tu," alijibu Mwakisu. "Wewe kalinde matonge yetu. Yule paka wa jikoni hajui kusoma."

"Na huyo mng'ataji umsalimie!" Bakuli alipiga kelele kutoka mkiani.

Mabata mawili mengine yaliamriwa yasubiri, Mtukufu apigwe picha peke yake angani. Bata likapaa, likazunguka juu ya Kishindo kutafuta kimo. Ndalu alisimama chini ya kipaza sauti cha uwanjani, kilichounganishwa na redio ya bata, akajua jambo ambalo watu wote waliomzunguka hawakulijua: kutoka juu, urefu wa kitu hauonekani. Kinachoonekana ni kivuli chake. Na alasiri ile jua lilikuwa limeshuka nyuma ya sanamu.

"Ndilo hilo!" kipaza sauti kikanguruma. "Refu kupindukia! Mnaona majivuno ya watu hawa?"

"Mtukufu, subiri," ilisikika sauti ya Mwakisu, "hapo bado ni kwe—"

Kilima kikatikisika. Sanamu ya shaba ililalia ikulu, kidole mbele, na ikulu ikalala chini pamoja nayo. Ilikuwa tupu, watu wake wote walikuwa uwanjani wakishangilia. Bata, jepesi sasa, likaelekea Kimyani, likaingia mawinguni. Yale mawili hayakuruka tena.

Ijumaa Waziri alitia saini karibu na kiti kitupu. Watu wa Kimyani walileta mikate, na walipoulizwa wakasema hawakupiga mzinga jana. Walikuwa wanaanua nguo. Wengine husema mnene mmoja anaonekana siku hizi jikoni kwao, akikanda unga, na wenzake wawili wakimcheka. Wengine husema ni maneno tu.

Ndalu alikwenda nyumbani na sinia, amelifunika kawa. Mtoto akamng'ata kidole. Meno yalikuwa manne. Sinia likawekwa juu ya kabati, na hata leo hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Vita vile vilichukua mabata arobaini. Watu mia moja na kumi na tisa, na Mtukufu. Sanamu moja. Ikulu moja. Bomba la moshi halikuguswa. Kipande kimoja cha nyama, na matonge mawili ambayo bado hayajaliwa.