Baada ya Mjeledi

Mume wangu ni mwalimu wa taichi, ile sanaa ya Kichina ya viungo, na kama hujawahi kuolewa na mwalimu wa taichi usiniambie habari za subira. Mtu anayeweza kumaliza asubuhi nzima akiinua mkono mmoja, mwambie aharakishe chai uone. Mimi ni fundi cherehani. Zile suruali pana za darasa lake nimezishona zote mimi.

Anachofundisha kinaitwa Mseto. Ni mtindo wa siku hizi uliounganishwa kutoka mitindo minne ya kale. Mna sehemu ya mikono mipana na mwendo wa pole, mna ya kujisokota na kupiga mguu chini kwa kishindo, mna ya kuinamisha kiwiliwili mbele, na mna ya hatua fupi ambamo mguu mmoja hautulii bila mwenzake. Ugumu uko kwenye maungio. Mtu aliyelelewa na mtindo mmoja hufika kwenye ungio, akili ikapitiwa, mwili ukajirudia kwao. Mume wangu alilelewa na ule wa pole.

Kwake mahali pabaya palikuwa Mjeledi, pale unaponyoosha mkono mmoja mbele na kukusanya vidole vya mwingine kama mdomo wa ndege. Wakati huo tunakuwa tumewapa watazamaji mgongo. Katika Mseto, baada ya Mjeledi unawageukia na kupiga mguu. Katika mtindo wake wa zamani hugeuki, unaingia Mikono ya Mawingu na kwenda upande upande. Siku hizo alikuwa akifika Mjeledi anapotelea mawinguni. Na laiti ingekuwa hapo tu. Nilimtuma uzi mweusi akaniletea betri, tena uso umejaa furaha.

Binti yetu ni muuguzi, hakuhitaji kuelezwa. Wakaguzi wa chama cha taichi walipotaka kuja kuamua kama baba yake aendelee na kibali cha kufundisha, alinifuata chumba cha cherehani akafunga mlango. Alinikumbusha yule mama wa darasani mwenye shinikizo la damu, aliyeachwa amekunja magoti mpaka akaanguka, kwa kuwa mwalimu alisahau kwamba kuna watu wanamsubiri. Akaapa kwamba baba akipotea mbele ya wakaguzi, yeye mwenyewe atapasua jipu.

"Siku moja mtu ataumia vibaya, mama," alisema. "Na atakayebeba lawama ni baba."

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa tu, moyo haukuwamo. Darasa lile ndilo lililokuwa likimwamsha mume wangu kitandani, na mimi sikuwa tayari kumwona akiketi dirishani akihesabu magari. Nikamwambia kwa siri kwamba tukifika Mjeledi nitakohoa, na nikikohoa ageuke apige mguu. Nilitegemea anifokee. Ni mtu wa kiburi, hajawahi kukubali hata kuelekezwa njia. Akasema tu, "Sawa." Hiyo sawa iliniuma kuliko matusi.

Wakaguzi wakaja, mwanamke wa miwani na mwenzake mnene, wakaketi nyuma ya meza. Tukajipanga. Kwa kuwa Mseto una kugeuka, aliyekuwa nyuma hujikuta mbele na kiongozi haonekani tena, ndiyo maana kwenye kila kona husimama mtu anayejua, wengine wamwangalie yeye. Mume wangu alishika kona ya mbele upande mmoja, binti yetu upande wa pili. Mimi nilikuwa kona ya nyuma.

Tulianza vizuri mno, na hilo likazidi kunitisha. Tukafika Mjeledi. Wote tukawa tumeelekea ukuta, mimi mbele, wanafunzi wamenikazia macho, mume wangu yuko nyuma yangu nisipoweza kumwona. Roho mkononi, nikakohoa.

Nikasikia mguu mmoja tu ukipiga sakafu, na ulitoka kona ya binti yangu. Upande wa mume wangu nikasikia kitambaa kikisuguana polepole kikielekea kando. Suruali ile niliishona mwenyewe, naijua sauti yake. Alikuwa mawinguni.

Nikigeuka, darasa zima lingegeuka nami, na yeye angebaki peke yake akiwapa wakaguzi mgongo. Sikufikiri sana. Nikaingia Mikono ya Mawingu, na wanafunzi wakanifuata, masikini, hawakujua hata tunakwenda wapi.

Sasa aliyewaelekea wakaguzi alikuwa binti yangu peke yake, na ndiye pekee aliyekuwa sahihi. Alikuwa amekula yamini. Nilitega sikio, nikingoja afungue mdomo. Nikasikia nyayo zake zikigeuka. Akaungana nasi.

Mume wangu alituongoza mpaka mwisho wa mtindo wake wa zamani bila kukwaa hata mahali pamoja. Kila tulipogeukia kando nilimwona kwa pembe ya jicho, na sijawahi kumwona mzuri vile. Tukamaliza tumeelekea ukuta, tukainamia swichi ya feni kwa salamu ya mwisho. Akainua kichwa kuwatafuta wakaguzi, hakuwaona. Akageuka. Nami nikageuka, nikaona uso wake ukielewa, na nikatamani sakafu inimeze.

Mwanamke wa miwani aliuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyekosea. Nikasema ni mimi, kikohozi kimenivuruga.

"Mke wangu anadanganya," mume wangu akasema. "Nimepotea mimi, nao wamenifuata wote. Afadhali nisifuatwe tena."

Akaenda akakibandua kibali chake ukutani, akakiweka mezani mwenyewe. Kisha akanijia.

"Kwa nini hukuniacha?"

"Nikuache uende wapi?"

Akamwendea binti yetu, aliyekuwa akijifuta macho kwa mkono wa shati, akamuuliza baada ya Mjeledi kunafuata nini. Binti akamwambia unageuka, baba, unapiga mguu. Akaomba aonyeshwe, akasimama nyuma ya mtoto wake kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Binti akageuka akapiga mguu. Baba akachelewa kidogo, naye akapiga, akacheka kwa kuridhika.

Wakaguzi walikuwa bado wanakusanya karatasi zao mume wangu alipomgusa binti yetu bega na kumuuliza, kwa adabu ileile, baada ya Mjeledi kunafuata nini.

"Unageuka, baba," binti yangu akasema. "Unapiga mguu."