Ushanga Kwenye Fundo Jekundu

Itangazwe kwa wote wenye masikio kwamba ulimwengu umepungukiwa vipimo viwili, na kwamba tukio hilo adhimu lilifanyika katika maabara ya shule yetu ya bweni, kando ya sinki linalovuja.

Mwalimu wa fizikia, tuliyemwita Mizani, alifundisha kwamba tunaishi katika vipimo vinne: urefu, upana, kimo na wakati. Ila kwenye udogo usioonwa na chombo chochote, hesabu za baadhi ya watafiti zinaashiria kwamba huenda vinabaki viwili. Wanajuaje? Humtembeza mtu kwenye hesabu, ovyo ovyo, wakaona ni mara ngapi anajikuta alipoanzia. Vipimo vikiwa vichache, hurudi kwa urahisi. Vikiwa vingi, huenda akapotea moja kwa moja.

Ili tuone, alisuka kizimba cha nyaya chenye mamia ya mafundo, akatundika ushanga kwenye fundo jekundu la katikati. Kila mchana alirusha dadu, akausogeza hatua moja. Wiki mbili ukatangatanga tu.

Jumatatu asubuhi akaukuta kwenye fundo jekundu. Akaurudisha ulipokuwa, akafunga maabara kwa kufuli. Jumanne, fundo jekundu. Jumatano vilevile, na hapo hakuurudisha tena, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa mdogo wake.

Mdogo wake alitoka nyumbani miaka sita nyuma, bila kuaga. Mizani alikuwa amekataa uhamisho mara mbili, asije mtu akakuta mlango umefungwa. Safari hii alikubali. Jumamosi angehama kumfuata mkewe na watoto. Alhamisi akamwambia mkuu wa shule kuwa hahami tena. Alisikika kwenye simu akimweleza mkewe, taratibu, kwamba kuna mtu yuko njiani.

Mchana huo, wenzake wakiwa bwaloni, mwanafunzi mmoja alikwenda kuuondoa ule ushanga. Alipenyeza rula kwenye komeo la dirisha la tatu, akaingia. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Mizani alikaa mbele ya kizimba, na vikombe viwili vya chai.

"Umerudi, mdogo wangu?" alisema bila kugeuka.

Kisha akageuka, na uso ukamsawijika. Akaitazama rula.

"Mara zote tatu ni wewe uliyeusogeza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hata ya Jumatano, mwanangu?"

Haya, nimejificha nyuma ya "mwanafunzi mmoja" vya kutosha; nani mwingine angejua habari za rula? Nilitamani kusema kwamba Jumatatu na Jumanne nilifanya mzaha, ila Jumatano sikuugusa ushanga. Lakini chai ilikuwa bado inafuka, vikombe vyote viwili, na Jumamosi mkewe na watoto wangekuwa wanamngoja.

"Hata ya Jumatano," nikasema.