Koti la Babu na Vidonge Vyeupe

Huko Queanbeyan, Australia, mtoto mchanga amegeuka manjano kama nta ya mshumaa, eti kwa sababu ya harufu ya kabati la makoti. Ndivyo Evanthia alivyosikia mwezi wa tatu, wanawake wakikunja vitambaa vya meza kwenye ukumbi wa kanisa.

"Kabati limemfanya nini? Limemng'ata?" mmoja aliuliza, wakaangua kicheko. Evanthia naye alicheka, tumbo lake la miezi saba likitikisika. Lakini maneno yale yalimganda kama kupe.

Nyumbani kwake Cooma, makoti yalikuwa na mtawala mmoja: mama mkwe wake, Stamatia. Kila mwezi wa kumi, baridi ikishaondoka, Stamatia aliyapiga brashi, akatoa kila kitu mifukoni, akafunga vifungo, akakunja mikono kuelekea mgongoni na kuyalaza sandukuni, mazito chini, mepesi juu. Kati ya koti na koti alitia vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, wadudu wanaokula sufu. Siyo viwili vitatu, konzi nzima. Kwa Wagiriki wa umri wake, nyumba isiyonuka vidonge hivyo ni nyumba ya mwanamke mvivu.

Chini kabisa lililala koti la sufu nyeusi la marehemu mumewe, alilovaa siku alipoteremka melini kuja kuchimba mahandaki ya mabwawa. Lefteris, mwana wao wa pekee, siku ya arobaini tangu kuzaliwa alipelekwa kanisani amefungwa ndani ya koti hilo. Mjukuu naye angefungwa humo humo. Hilo halikuwa na mjadala.

Mjukuu alizaliwa mwezi wa tano, wa kiume. Jina angepewa siku ya ubatizo. Kwa sasa walimwita Bebe tu. Siku ya thelathini na saba theluji ilianguka, Stamatia akafungua sanduku. Harufu ilitoka kali hadi macho yakawasha.

"Mama," Evanthia alisema, akichagua maneno kama mtu anayechambua dengu, "hilo koti tulifue kwanza. Au tulianike siku kadhaa."

"Kufua sufu hii? Ili lirudi la mwanasesere? Na kuanika kwenye theluji! Kwenu kijijini makoti mlikuwa mnayaweka wapi, mkamwana? Juu ya mti?"

"Nilisikia kuna mtoto Queanbeyan..."

"Ulisikia! Mimi nimelea mtu mzima ndani ya koti hili. Yule pale, mtazame. Ana kasoro gani?"

Lefteris, mdomo umejaa mkate, alijipapasa kichwa. "Kipara tu, mama."

Walicheka. Evanthia alikuwa na neno mdomoni, akalimeza ili chakula cha mchana kisiharibike. Kuanzia siku hiyo koti likawa blanketi la mtoto, "alizoee," alisema bibi yake.

Siku ya arobaini walikwenda kanisani. Padri alimbeba Bebe hadi mbele, kengele ikalia, mtoto hakushtuka.

"Mtulivu kama babu yake," Stamatia alinong'ona kwa fahari.

Evanthia aliona macho ya mwanawe yana umanjano, akajiambia ni mwanga wa mishumaa. Lakini nyumbani, kwenye mwanga wa dirisha, umanjano ulikuwepo bado. Ziwa alilikataa. Akafungua nepi: mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno.

Hospitalini daktari alimwinamia mtoto, akanusa nywele zake. "Nguo zenu za baridi mnazihifadhi na nini?"

Koti lenyewe lilijibu, mikononi mwa Stamatia.

Daktari aliwaeleza. Wapo watu wanaozaliwa na damu isiyostahimili vidonge vile, wala maharage mapana. Mvuke wavyo huipasua. "Kwa mtoto wa kiume, udhaifu huu hutoka kwa mama."

Ndiyo maana Lefteris alipona ndani ya koti lile lile. Evanthia alimkumbuka kaka yake, aliyekatazwa maharage hayo tangu utotoni bila kuelezwa sababu. Yeye ndiye aliyempa mtoto damu ile. Na ni yeye aliyesikia, akanyamaza.

"Jina la mtoto?" muuguzi aliuliza, kalamu mkononi.

"Hana," alisema Lefteris.

Stamatia alisogea kitandani. "Tumbatize sasa hivi. Padri hayupo, nitamwinua hewani mara tatu badala ya maji, Mungu ataelewa. Asiondoke bila jina."

"Usimguse, mama!" Evanthia alimzuia kwa mwili wake wote. "Haondoki! Na mikono yako bado inanuka."

Bibi aliitazama mikono yake. Akatoka kwenda kuiosha, akakaa huko muda mrefu, maji yakisikika yakimwagika.

Mtoto aliongezewa damu. Siku ya tatu alilia, akatafuta ziwa. Watarudi kila mwezi kupimwa, na udhaifu ule atakufa nao, uzeeni Mungu akipenda. Koti linaning'inia kwenye waya uani, limeganda, mikono imenyooka. Hakuna anayeliingiza ndani. Stamatia hupita karibu nalo bila kuinua macho.

Evanthia alichukua karatasi, akaandika taratibu kwa herufi za darasa la sita. Nakala moja aliibandika ndani ya mlango wa kabati, nyingine kwenye ukumbi wa kanisa:

Usiweke vidonge vya nondo kwenye nyumba yenye mtoto mchanga au mwenye mimba.
Usimfunike mtoto kwa koti au blanketi lililohifadhiwa navyo sandukuni kabla ya kulifua na kulianika mpaka harufu iishe kabisa. Kama halifuliki, lisimguse.
Usihifadhi koti chafu. Nondo hufuata jasho na mabaki ya chakula. Lifue, likauke, lifunge kwenye mfuko.
Usiache vidonge mahali mtoto anapofika. Atadhani ni pipi.
Usingoje kesho ukiona macho ya manjano au mkojo mweusi.
Usiseme "mbona wa kwangu alipona."
Usinyamaze kwa kumwogopa mama mkwe.