Parokia Zenu Ni Ngapi?

Ardis Fossum alikuwa kwenye foleni ya kahawa, beji ikimning'inia kifuani, pale mzee mmoja mwenye suti ya rangi ya krimu alipomgusa kiwiko.

"Mheshimiwa Fossum! Wewe ndiye mwizi wa muswada wangu."

Alisema huku anacheka, kwa hiyo Ardis naye akacheka. Mzee huyo alikuwa Alcide Robichaux, mbunge wa Louisiana kwa miaka ishirini na sita, na kuibiana miswada ndiyo kazi yenyewe ya mikutano hii, tusidanganyane. Kila mwaka wabunge wa majimbo yote hukusanyika mji mmoja, mwaka huu Indianapolis. Siku tatu wanajadili hospitali zinazofungwa mashambani, walimu wanaoacha kazi, kodi za nyumba, maji, akili bandia, kisha kila mmoja anarudi kwao na miswada ya wenzake kwenye mkoba. Hakuna anayeona haya. Sheria nzuri ya mwenzako unaichukua, unafuta jina la jimbo lake, unaandika la kwako, unapeleka bungeni.

"Nilikuibia kwa heshima, mzee wangu," alisema Ardis. "Na imepita. Kura zote ndiyo. Hata wale wasiopenda kitu chochote duniani waliipenda hii."

"Nimesikia. Nimeisoma kwenye ndege." Alcide akashusha sauti. "Hebu niambie, mama. Huko kwenu kaskazini mna parokia ngapi?"

"Parokia? Za kanisa?"

"Za serikali."

"Hatuna parokia za serikali. Tuna kaunti, kama watu wote."

"Ndiyo maana nauliza." Safari hii mzee hakucheka. "Kwetu Louisiana, na kwetu peke yetu, kaunti inaitwa parokia. Wewe Louisiana uliifuta vizuri kabisa, mama. Parokia umeziacha."

Ardis alitoka kwenye foleni bila kahawa.

Alijibanza kando ya ngazi za umeme, akafungua ile sheria kwenye simu. Kila parokia itakuwa na gari la wagonjwa lenye wahudumu wawili wa kulipwa, usiku na mchana, kwa gharama ya jimbo. Akateremka. Parokia. Akateremka tena. Parokia, mara kumi na moja. Neno kaunti halikuwepo hata pa kusingizia. Alikuwa ameusoma muswada huu mara ngapi? Mara ishirini? Mtu akishajua kitu kinasema nini, hasomi tena, anapitisha macho tu. Na ile ofisi ya kunyoosha lugha ya miswada ilikuwa na miswada mia mbili wiki ile ya mwisho ya kikao. Huu waliupa nusu saa na kuurudisha na muhuri.

Sheria ingeanza kazi tarehe mosi Septemba. Ingeanza kazi kwenye parokia, na jimbo lao zima halina hata moja.

"Loo, Ardis," alijiambia kwa sauti, hata kijana wa mapokezi akageuka. "Mjinga mkubwa wewe."

Alichokuwa anakiona kichwani si sheria, ni shemeji yake Lyle. Lyle Brekke ana miaka sabini na moja, mgongo mbovu, na ndiye dereva wa gari la wagonjwa la Skarvik, kijiji chao, kwa kujitolea. Zamani walikuwa tisa. Wengine wamehama, wengine wamezeeka, wawili wamezikwa. Sasa yuko yeye peke yake, na hospitali iko maili tisini.

Februari iliyopita kidole tumbo cha Ardis kilipasuka, na Lyle ndiye aliyempeleka, theluji ikipiga kioo. Kwa kawaida mmoja anaendesha na mwingine anakaa nyuma na mgonjwa. Nyuma hapakuwa na mhudumu. Basi Lyle akapiga kelele kutoka usukani: "Ongea, shemeji! Ongea chochote! Nikisikia kimya nasimamisha gari nije huko nyuma!" Na kusimama kwenye barabara ile, katika theluji ile, kulikuwa na maana moja tu, na wote wawili waliijua. Ardis hakuweza kufikiria wimbo wala sala. Akaanza kutaja kamati za bunge. Kamati ya Kilimo. Kamati ya Barabara. Kamati ya Elimu. Alizitaja kutoka juu hadi chini, akazirudia, maili tisini, analia na kutaja. Alipotoka hospitali ndipo alipoanza kutafuta muswada wa kuiba.

Lyle aliahidi kuvumilia mpaka tarehe mosi Septemba, wahudumu wa kulipwa watakapofika. Barua ya kurudisha funguo kwa kaunti alikuwa ameshaiandika.

Ardis akamtafuta Spika. Alizunguka kumbi tatu, akapanda ngazi na kuzishuka, akaingia kwa makosa kwenye kikao cha mabwawa, akatoka akiomba radhi. Alimkuta kwenye ukumbi wa maonyesho, ambako makampuni hugawa kalamu na vikombe. Merle Kettering, Spika wa bunge lao, mtu mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, alikuwa anachagua soksi za bure.

"Merle, tuna balaa. Ile sheria yangu..."

"Parokia," alisema Spika, akiwa bado anaangalia soksi.

"Ulijua?"

"Wanasheria wa gavana waliniambia Juni."

"Juni! Leo ni tarehe saba Agosti, Merle!"

"Punguza sauti, dada." Akamshika bega, akamvuta nyuma ya bango. "Sasa sikiliza. Wewe ulinakili, sawa. Lakini watu tisini na wanne tulisema ndiyo. Unataka watu wajue hatusomi?"

"Si kweli hatukusoma?"

"Kweli haina haja ya kutangazwa. Tutarekebisha kikao kijacho."

"Kikao kijacho ni miezi kumi na saba!" Bunge lao hukutana mwaka mmoja na kulala mwaka mmoja, ndivyo babu zao wakulima walivyotaka. "Skarvik haina miezi kumi na saba. Ina wiki tatu. Mwambie gavana aitishe kikao cha dharura. Siku moja. Neno moja tu, tunabadilisha, tunarudi nyumbani."

"Nilimwambia, unafikiri sikumwambia? Akasema hawezi kuita bunge zima kwa sababu ya gari moja la kijijini. Alisema labda nchi nzima iwe inatucheka, hapo ataita ili yaishe." Spika akatabasamu. "Na kwa neema ya Mungu hakuna anayecheka. Kwa hiyo saa nane unapanda jukwaani, unapigiwa makofi, unashuka. Kamati ya Bajeti haina mwenyekiti, Ardis. Nilikuwa nakufikiria wewe."

Akamwekea pea ya soksi mkononi, akaenda zake.

Miaka kumi na miwili Ardis alikuwa akiitaka Kamati ya Bajeti. Aliitaka mpaka aliiota. Si siri, na si dhambi. Mwenye Kamati ya Bajeti ndiye anayeulizwa kabla ya wengine kuulizwa. Na alikuwa amechoka kuwa yule mama wa Skarvik anayeleta biskuti kwenye vikao.

Toka saa tano mpaka saa nane hakuweza kukaa. Aliingia kikao cha walimu, akatoka. Akaingia cha uchaguzi, akatoka. Chakula alikiangalia tu. Alitembea kwenye zulia lile refu mpaka kisigino kikachubuka, akavaa zile soksi za Spika, akaendelea kutembea. Simu ikalia, ujumbe wa Lyle: Shemeji, wale watu wanakuja tarehe mosi kweli? Mgongo umegoma. Ardis akaandika ndiyo, akafuta. Akaandika hapana, akafuta. Akairudisha simu mkobani, akaapa kutoigusa tena, na baada ya dakika mbili akaigusa.

Saa nane akapanda jukwaani. Ukumbi ulijaa, watu mia nne hivi. Mada ilikuwa matatizo ya afya mashambani na majimbo yafanye nini. Spika Merle alikaa mstari wa mbele, mfuko wa zawadi mapajani. Alcide alisimama nyuma karibu na mlango, mikono nyuma ya mgongo.

Kabla Ardis hajapewa zamu, bwana mmoja kwenye meza ya wazungumzaji, Prescott Yarnell, mbunge wa jimbo jingine, mwenye tai ya kipepeo na furaha nyingi, alivuta kipaza sauti kwake.

"Mimi sina mengi," alisema. "Sisi hatukuhangaika. Tuliichukua sheria ya Mheshimiwa Fossum kama ilivyo, neno kwa neno. Hata alama ya mkato hatukugusa! Imepita mwezi wa sita, imesainiwa."

Makofi yakapigwa. Spika naye akapiga, taratibu, macho kwa Ardis.

Ardis akamgeukia Yarnell. Kumbe halikuwa gari moja. Huko kwa huyu bwana nako kulikuwa na kina Lyle, wamekaa na barua zao, wanasubiri.

"Bwana Yarnell," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Jimbo lako lina parokia ngapi?"

"Parokia?" Yarnell alifikiri kidogo. "Aa, mama, kwetu wengi ni Wamethodisti."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ardis alingoja kiishe. Alimwona Spika akitikisa kichwa, kidogo sana, kushoto na kulia. Hapo alijua kwamba akifungua mdomo Kamati ya Bajeti imekwenda, na ilimuuma, wacha tu niseme, ilimuuma vibaya.

"Nauliza kwa sababu kwetu hakuna hata moja," alisema. "Sheria hii niliiiba Louisiana. Kule kaunti ni parokia. Sikuibadilisha. Niliisoma mara ishirini na sikuona. Wenzangu tisini na watatu wakaipigia kura na hawakuona. Gavana akaisaini. Sasa tuna sheria nzuri sana inayolazimisha magari ya wagonjwa mahali pasipokuwepo. Bwana Yarnell, na wewe unayo hiyohiyo. Samahani."

Kisha mtu mmoja katikati akacheka, wa pili, wa tatu, na ukumbi mzima ukalipuka, watu wanapiga meza, mwanamke mmoja anajifuta macho, simu zimeinuliwa juu kurekodi. "Parokia!" alipiga kelele mmoja kutoka nyuma. "Amina!" akajibu mwingine. Ardis alisimama palepale, uso unawaka moto, wakamcheka mpaka wakatosheka.

Lakini hata kabla kicheko hakijaisha, wengine walikuwa wameinamia simu zao, kidole kinateremsha kurasa. Yarnell alikuwa mmojawapo. Alisoma, akasoma tena, akalegeza tai. Mstari wa tatu mama mmoja alisema "Yesu wangu" na kukimbilia mlangoni, na Alcide akamfungulia mlango kwa adabu.

Saa kumi na moja jioni kipande kile cha video kilikuwa kimeshatazamwa nchi nzima. Watu wasiojua bunge ni nini walikuwa wanauliza parokia zao ni ngapi. Ardis alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya jengo, jua likiwa bado kali, Spika alipomjia. Hakuwa mpole tena.

"Gavana ameita kikao. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Amenitukana dakika kumi nzima. Umefurahi?"

"Neno moja tu, Merle? Kaunti?"

"Kaunti. Itapita, nani atathubutu kukataa sasa?" Alihema. "Bajeti sahau. Na Kilimo, na Barabara, na Elimu, zote nimekutoa. Utakaa bungeni kama mgeni mpaka watu wako wakuchoke."

"Sawa," alisema Ardis. Haikuwa sawa hata kidogo.

Spika alipoondoka simu ikalia. Lyle.

"Shemeji! Nimekuona kwenye simu ya yule binti wa posta. Wanakucheka vibaya."

"Najua."

"Parokia!" Lyle akacheka mpaka akakohoa, kisha akaguna kwa maumivu. "Ile barua ya funguo nimeichana. Hao watu wakichelewa wiki moja mbili, nitaendesha tu."

"Na mgongo, Lyle?"

"Mgongo utajijua. Si nilikwambia siku ile? Nikisikia kimya ndiyo nasimama. Wewe leo umepiga kelele nchi nzima imesikia."

Ardis alitazama chini, simu sikioni. Watu wenye beji walikuwa wanapita, wengine wanamnyooshea kidole.

"Shemeji? Mbona kimya? Ongea, wewe!"

"Kamati ya Kilimo," alisema Ardis, machozi yakimdondokea kwenye beji. "Kamati ya Barabara. Kamati ya Elimu."